Mkono wa Kushika na Mkono wa Kuvuta

Mvuvi wa mshipi ukimtazama akiwa peke yake mtumbwini, katika mkondo upitao kati ya kisiwa cha Wasini na Shimoni, utaona kwamba mikono yake haigawani kazi nusu kwa nusu. Mzee mmoja wa Mkwiro niliyemtazama akivua changu mwambani alikuwa ameulaza mshipi juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kaubana kidogo kwa gumba, na mkono ule umetulia tuli. Wa kushoto ndio uliobeba shughuli zote: kupiga kafi kila maji yalipousukuma mtumbwi nje ya mwamba, kukata ngisi wa chambo, kufua maji, kufuta jasho. Nilipomwuliza kwa nini mkono wake wenye nguvu ameukalisha bure, alishangaa. Haujakaa bure, alisema. Huo ndio unaovua.

Changu hudonoa mara mbili tatu, upesi upesi, kisha hunyamaza. Ukivuta wakati angali akidonoa, unamnyang'anya chambo mdomoni. Chewa hana madonoo. Mshipi unakuwa mzito tu, kana kwamba chubwi imenasa jiweni, na hapo huna muda wa kufikiri, maana chewa akiwahi kurudi pangoni mwake akajitanua, hatoki tena. Kuna na samaki wadogo wanaomaliza chambo bila mshipi kutikisika, na mvuvi hodari huwajua kwa wepesi unaobaki kwenye ndoana. Habari zote hizi hupanda kutoka vilindini na kusomwa na ngozi ya kidole kimoja. Kidole cha yule mzee kilikuwa na mfuo mgumu kwa ndani, pale mshipi unapopita. Nilikishika. Cha kushoto hakikuwa na kitu.

Siku nyingine alinichukua katika ngalawa wakati wa kaskazi, na huko ndiko nilikoona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alikuwa akirambaza. Mkono mmoja umeshika kafi la kuongozea, wa pili umeshika demani ya tanga, na mshipi, kwa kuwa hakukuwa na mkono wa tatu, ameuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa akizungumza nami habari za mazishi ya jirani. Ghafla akasema, "Mwani," akauvuta mshipi, na kweli jani refu la mwani lilikuwa limejisokota kwenye ndoana. Akalitoa, akautupa mshipi, akaendelea na habari za mazishi pale pale alipoziachia.

Nguru alipokuja hakusema kitu. Aliilegeza demani, tanga likapoteza upepo, na mguu ukaukabidhi mshipi kwa mkono wa kulia. Nataka msomaji alitazame tendo hili vizuri. Mshipi haukupitia mkono wa kushoto, wala haukulegea hata kidogo katika kubadilishana. Samaki alitoka kwenye kiungo kinachojua akaingia kwenye kiungo kinachojua zaidi, na mkono wa kushoto ukaja nyuma yake kufanya kazi ya kuvuta na kukunja.

Nayakumbuka haya kwa sababu swali la mkono limerudi ufukweni kwa sura nyingine. Vijana wanaovua kwa kayaki, huko Watamu, Kilifi na Diani, wanaulizana kama wanunue rili yenye kipini upande wa kushoto au upande wa kulia. Rili zile zinazoning'inia chini ya fimbo hazina taabu, kwa kuwa nyingi kipini chake huhamishika. Lakini za ngoma, zinazokaa juu ya fimbo, zimetengenezwa kwa upande mmoja: ukishanunua, umenunua. Kwa miaka mingi zilizojaa madukani zilikuwa za kulia. Mtu wa mkono wa kulia hutupa chambo kwa mkono wa kulia, kisha huihamishia fimbo kushoto ili mkono wa kulia uzungushe kipini.

Juu ya gati, au katika boti pana, kuhamisha huko hakumkeri mtu. Kwenye kayaki ni jambo jingine. Umekaa chini, miguu umeinyoosha mbele, kafi limelala mapajani, na kolekole mmoja wa wastani anaweza kukigeuza chombo chote na kukukokota anakotaka. Akipita chini ya chombo kwenda upande wa pili, inakubidi uizungushe ncha ya fimbo mbele ya omo kabla mshipi haujakwaruza ubavu. Samaki wengi huila ndoana mara tu chambo kinapogusa maji, yaani wakati ule ule ambapo fimbo iko njiani kutoka mkono huu kwenda ule. Kwa hiyo naona wenye kuchagua kipini cha kushoto, kama wao ni watu wa mkono wa kulia, wamerudi bila kujua kwenye kanuni ya mzee wa Mkwiro: mkono wenye akili ubaki na samaki, na kuzungusha, ambako mtoto aweza kukufanya, kuachiwe mkono mwingine. Anayetumia kushoto na afanye kinyume chake.

Wapo wanaokataa, na hoja yao si ndogo. Wanasema samaki akishafika ubavuni, fimbo ikiwa kushoto, mkono wa kulia uko huru kumdaka au kulipiga kafi. Ni kweli. Ila samaki hafiki ubavuni mpaka awe ameshikwa vyema tangu chini, na mkono wa kushoto hujifunza kudaka upesi kuliko unavyojifunza kusikia.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hawachagui. Huchukua iliyopo dukani, au ile aliyonayo rafiki, na mkono wao huzoea bila kuulizwa. Hata watengenezaji walilifanya jambo hili kuwa la baadaye. Rili hizi za ngoma ni kazi ya mafundi saa: George Snyder wa Paris, Kentucky, aliyetengeneza zile za mwanzo huko Marekani mapema katika karne ya 19, alikuwa fundi saa na sonara, na kampuni ya ABU ya Svängsta, Uswidi, ilianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Rili yao iliyosifika katika miaka ya 1950, Ambassadeur 5000, ilikuwa ya kulia; ya kushoto ilipewa namba 5001. Meno yake yalichongwa kwa ustadi ambao sina budi kuuheshimu. Lakini mkono wa mvuvi ulikuja baada ya meno.

Picha inayotajwa kuwa ya kwanza kuionyesha rili ilichorwa China na Ma Yuan, mnamo mwaka 1195. Ndani yake yumo mtu mmoja tu, katika chombo kidogo, juu ya maji matupu. Kwa hiyo mvuvi wa peke yake na rili ni marafiki wa kale, nami siwagombanishi. Na Ernest Hemingway, aliyependa fimbo na rili nzito, alipomwandika mvuvi wake mzee wa Cuba mwaka 1952 alimpa mshipi wa mkono mtupu, kisha akaufanya mkono wa kushoto umsaliti kwa kukakamaa wakati wa haja. Miaka miwili baadaye, akiwa na majeraha ya ajali mbili za ndege nchini Uganda, alifika Shimoni kwenye kambi ya uvuvi. Maji yale yale yalikuwa na wavuvi wa Wasini na Mkwiro, kila mmoja na mshipi kidoleni.

Leo ukivuka mkondo ule utakutana zaidi na boti za watalii zikielekea Kisite kutazama pomboo, na vijana wa Mkwiro ndio manahodha wake. Siwalaumu, mshahara wa mwisho wa mwezi haumngojei changu adonoe. Upande wa Vanga zimeingia nyavu kubwa za kuzungushia, zinazovutwa na watu wengi kwa pamoja, na katika wavu hakuna kidole kinachoulizwa kitu. Wajukuu wa yule mzee wamegawanyika kati ya kazi hizo mbili. Anayeijua miamba ya babu yake kwa majina yupo. Anayeweza kuvuta mshipi juu akasema mwani kabla hajauona, sijamsikia.

Kijana mwenye kayaki akiniomba ushauri, humwambia kwanza aiache fimbo nyumbani, aende na mshipi mtupu mpaka mkono wake mmoja uanze kuota mfuo, ndipo arudi dukani akijua kipini chake kikae upande gani. Wengi hucheka, kwa adabu, kisha hununua ya kulia.