Kuthibitisha, Kuhakiki na Kuidhinisha: Istilahi za Kuingia Katika Mitambo ya Kompyuta

Miongoni mwa vitenzi ambavyo lugha yetu imevitumikisha kupita kiasi katika zama hizi za kompyuta, hapana kilichobebeshwa mzigo mzito kama kuthibitisha. Mwenye simu huombwa athibitishe malipo, athibitishe namba yake, athibitishe kwamba yeye ni binadamu wala si mashine. Mwalimu wa hisabati huthibitisha kanuni ubaoni. Mtumishi wa serikali naye husubiri kuthibitishwa kazini baada ya muda wake wa majaribio kwisha. Neno moja kufanya kazi nyingi si kosa, na mara nyingi muktadha humwokoa msomaji. Katika makala haya tunataka kuonyesha mahali ambapo muktadha haumwokoi, nako ni katika maelezo ya jinsi mtu anavyoingia katika mitambo ya ofisi pale ambapo daftari la watumiaji na mfumo wa kuwahakiki ni vitu viwili mbalimbali vilivyounganishwa.

Yatupasa kwanza tueleze vitu vyenyewe. Mwaka 1983 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kilianza mradi ulioitwa Athena wa kutandaza kompyuta chuoni kwa ajili ya wanafunzi. Mwanafunzi aliweza kuketi mbele ya mashine yoyote, na mwenye nia mbaya aliweza kusikiliza yale yapitayo katika waya. Kutokana na shida hiyo ukabuniwa mfumo wa Kerberos, uliopewa jina la mbwa wa vichwa vitatu ambaye Wayunani wa kale walisimulia kuwa hulinda mlango wa kuzimu. Toleo lake la tano, ambalo ndilo litumikalo hata leo, lilitangazwa mwaka 1993, na kanuni zake zikaandikwa upya mwaka 2005. Shabaha yake kuu ni moja: nenosiri la mtu lisipite katika waya.

Daftari lina asili nyingine. Mwaka 1988 mashirika ya kimataifa ya mawasiliano na ya viwango yalitoa kanuni ziitwazo X.500, na wazo lilikuwa kama la kitabu cha simu cha dunia nzima. Kanuni hizo zilikuwa nzito mno kwa kompyuta ndogo za wakati ule, ndipo katika Chuo Kikuu cha Michigan ikaundwa njia nyepesi ya kulisoma daftari, ijulikanayo kwa herufi LDAP, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1993. Daftari la namna hii huandika jina la mtu, cheo chake, idara yake, anwani yake na vikundi alivyomo. Laweza pia kuweka nenosiri lake, lakini hiyo haikuwa kazi iliyolizaa.

Microsoft iliviweka vitu hivi viwili chini ya paa moja katika Windows 2000, na kwa sababu hiyo mafundi wengi hawauoni mshono uliopo kati yake. Lakini ziko taasisi nyingi, hasa vyuo vikuu na ofisi zitumiazo Linux, ambako daftari linakaa katika seva yake na Kerberos katika seva yake, na fundi hulazimika kuviunganisha kwa mkono. Hapo ndipo mfasiri anapoitwa kuandika mwongozo, na hapo ndipo kitenzi chetu kinapozidiwa.

Tuseme mfasiri ameandika kwamba mtumiaji huthibitishwa na daftari, kisha daftari huthibitisha kwa Kerberos, na akithibitishwa huthibitishiwa vikundi vyake. Sarufi haina dosari. Hata hivyo sentensi hiyo ina matendo manne yasiyofanana: mtu amejitaja, daftari limepeleka ulizo kwingine, Kerberos imepima kama mtu ndiye, na mwishowe kitu fulani kimeamua afanye nini akishaingia. Msomaji wa Kiswahili amepewa neno moja arudie mara nne, naye hana njia ya kujua ni nani aliyefanya lipi.

Ajabu ni kwamba desturi yetu wenyewe imezitenga hatua hizi tangu zamani. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Mgeni akijibu "Mimi," hajasema kitu, na mwenye nyumba huuliza tena. Akitaja jina, amejitambulisha. Lakini jina kila mtu aweza kulitaja, kwa hiyo aliye ndani huisikiliza sauti, au huchungulia dirishani. Akiisha kuridhika kwamba ndiye, bado hajamwambia "Karibu." Na hata neno karibu lina mipaka yake, maana kuna mgeni wa barazani, wa sebuleni, na yule anayeweza kuingia hata jikoni. Kujitambulisha, kuhakikiwa na kuidhinishwa ni mambo matatu, na hapana Mswahili anayeyachanganya mlangoni kwake.

Tunapendekeza basi kwamba tendo la kupima kama mtu ndiye anayejidai kuwa liitwe kuhakiki, na jina lake liwe uhakiki wa utambulisho. Tunajua walimu wa fasihi watanung'unika, kwa kuwa uhakiki kwao ni kazi ya kuchambua tenzi na riwaya. Lakini watumishi wa serikali ya Tanzania hawahitaji kufundishwa maana nyingine ya neno hili; uhakiki wa vyeti vya watumishi uliokamilishwa mwaka 2017 uliwafundisha barabara kwamba kuhakiki ni kulinganisha madai ya mtu na ushahidi usiotoka kinywani mwake. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Kuidhinisha nako kubaki kwa kumpa mtu ruhusa ya kutenda, kama kunavyotumika tayari katika hati za malipo. Kuthibitisha tungekirudisha katika kazi yake ya kukubali kwamba jambo ndivyo lilivyo, kama vile kuthibitisha malipo kabla hayajatumwa. Tena tutaepukana na kichekesho cha mtumishi wa miaka ishirini kuandikiwa na kompyuta kwamba hajathibitishwa.

Kwa upande wa daftari, neno lililokwisha kuenea ni saraka. Hatuna ugomvi nalo pale linapotaja mahali pa kuhifadhia majalada ndani ya kompyuta. Lakini kulitumia pia kwa kitu kinachoorodhesha watu na haki zao ni kumtega msomaji, kwa kuwa vitu viwili hivi hukutana katika ukurasa mmoja wa mwongozo: saraka ya majalada ya mtumiaji huelezwa ndani ya saraka ya watumiaji. Daftari ni bora. Sote twalifahamu Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Na twafahamu kwamba jina kuwamo ndani yake kwampa mtu haki ya kupiga kura, ilhali msimamizi wa kituo bado atataka kuona kadi kabla ya kukabidhi karatasi. Daftari halihakiki mtu. Mfano huu peke yake ungewaondolea wanafunzi nusu ya mashaka yao.

Tukija kwenye tendo la kufungua mazungumzo na daftari, tunakuta tafsiri mbovu kuliko zote. Kiingereza huliita kwa neno lenye maana ya kufunga kwa kamba, na la kumaliza mazungumzo kwa neno la kufungua kamba hiyo. Mfasiri anayefuata kamusi ataandika funga na fungua. Matokeo yake ni kinyume kabisa: anayesoma funga hudhani mlango umefungwa, kumbe ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza, na anayesoma fungua hudhani umefunguliwa, kumbe yamekwisha. Kanuni za LDAP za mwaka 2006 zenyewe zinakiri kwamba tendo la pili si kinyume cha la kwanza, kwamba majina hayo yamebaki kwa sababu za kihistoria tu, na kwamba la pili lifahamike kuwa ni kuondoka. Ikiwa wenye lugha wamekiri hivyo, sisi tunawaiga kwa faida gani? La kwanza na liitwe kujitambulisha kwa daftari, na la pili kuaga. Kuaga ni neno lenye adabu, na seva huaga vizuri tu.

Kuna jambo zito zaidi ndani ya tendo hili. Kanuni zinaruhusu mteja ajitambulishe kwa jina na nenosiri tupu, yaani lisilo na herufi hata moja. Seva iliyoruhusiwa kuupokea ujumbe huo hujibu kwamba tendo limefaulu, lakini humchukua mtu huyo kuwa asiyejulikana, kama aliyepita bila kutaja jina. Programu isiyo makini huona jibu la kufaulu, ikadhani aliyetajwa amehakikiwa, ikamfungulia. Kwa sababu ya hatari hii kanuni za mwaka 2006 ziliagiza kwamba seva, zisipoelekezwa vingine, zikatae kujitambulisha kwa namna hiyo, na programu za wateja zisikubali nenosiri tupu. Sasa fikiri mfasiri anayeandika "umethibitishwa" mahali pa "tendo limefaulu." Ametoa ushahidi wa uongo kwa maandishi. Fundi atakayesoma maneno hayo katika kumbukumbu za seva, akitafuta ni kwa vipi mgeni aliingia kwa jina la mhasibu, ataambiwa na Kiswahili chetu kwamba mhasibu mwenyewe ndiye aliyeingia.

Neno kuunganisha nalo linaficha mengi. Viko angalau viungo vya namna mbili kati ya daftari na Kerberos. Katika namna ya kwanza mtumiaji hulipa daftari nenosiri lake. Daftari, badala ya kulilinganisha na lile lililohifadhiwa, hukuta pameandikwa kwamba swali lipelekwe kwingine, nalo hulipeleka kwa Kerberos kupitia msaidizi wake na kungoja jibu. Hapo nenosiri limepita katika waya hadi kwenye daftari, jambo lile lile ambalo Kerberos ilibuniwa ilizuie, na mawasiliano yasipofichwa kwa njia nyingine, waliolibuni wamefanya kazi bure. Katika namna ya pili mtumiaji huanza kwa Kerberos, akapewa hati, akaileta hati hiyo mbele ya daftari. Daftari halilioni nenosiri kamwe. Tungependa ya kwanza iitwe uhakiki wa kuulizia na ya pili uhakiki kwa hati. Mkuu wa idara anayeletewa taarifa kwamba mifumo miwili imeunganishwa ana haki ya kujua ni kwa namna ipi, na lugha ya taarifa hiyo isimnyime haki yake.

Tumesema hati, wala hatukusema tiketi, ingawa tiketi ndilo neno linaloshika kasi. Tiketi ya basi huonyesha kwamba nauli imelipwa, aliyeishika husafiri. Hati ya Kerberos hutaja mwenyewe, hufungwa kwa ufunguo ambao kituo kilichoitoa na huduma inayopelekewa ndio wanaoujua, na aiwasilishaye hana budi kuonyesha kwamba anao pia ufunguo wa muda uliotolewa pamoja nayo. Kwetu kitu hiki kina ndugu yake: barua ya utambulisho anayopewa mwananchi na serikali ya mtaa ili aende nayo benki. Karani wa benki hamjui mwananchi, lakini anaujua mhuri. Kwa hiyo hati ya utambulisho, au hati kwa kifupi, na neno cheti liachiwe vyeti vya usimbaji ambavyo tayari vimelizoea.

Barua ya serikali ya mtaa huwa na tarehe, na hati hizi nazo huwa na muda, aghalabu wa saa kadhaa. Hili linatuleta kwenye neno kufuta. Mtumishi akiacha kazi, agizo huja kwamba akaunti yake ifutwe. Fundi hulifuta jina katika daftari. Pale ambapo mifumo ni miwili, siri ya mtu huyo bado imo katika Kerberos, na hati aliyokwisha kupewa asubuhi haifi mpaka muda wake uishe. Mwongozo wa Kiswahili usiseme kufuta akaunti, kana kwamba akaunti ni kitu kimoja. Useme kuondoa jina katika daftari, kufuta siri katika Kerberos, na kungoja au kukatiza hati. Ni maneno mengi zaidi, lakini kila moja lina mtu wa kulitekeleza.

Yamebaki mawili madogo. Yule anayehakikiwa, awe mtu au huduma ya kuchapishia, Kiingereza humwita kwa neno linaloweza pia kuwa na maana ya mkuu wa chuo, na tumekwisha kuona "mkuu" akizunguka katika maandishi ambamo hapana chuo. Mhusika latosha, hata kama litailazimisha mashine ya kuchapishia kuingia katika ngeli ya watu. Na lile eneo ambalo kituo kimoja cha Kerberos kina mamlaka juu yake tungeliita himaya. Wanaopendelea milki watueleze, kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa, watafanya nini na himaya mbili zinapoaminiana na mhusika wa moja akapokelewa katika nyingine, kwa sababu milki kwetu ina mwenyewe, na mwenye milki haruhusu kwa urahisi hati ya jirani.