Kilugha, Lahaja na Lugha ya Asili: Istilahi Zetu Mbele ya Lugha za Galula

Katika maandishi ya ofisi, ya mahakama na ya shule kuna kundi la maneno yanayotumiwa kana kwamba maana yake ni moja: kilugha, lugha ya kienyeji, lugha ya kikabila, lugha ya asili, lugha mama, na mara nyingine lahaja. Nia yetu ni kuyapima maneno haya moja baada ya jingine, na tumeona ni vema kuyapima mahali panapojulikana badala ya kuyajadili hewani. Tumechagua Galula.

Galula iko katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mto unaopita hapo ni ule Songwe unaomwaga maji Ziwa Rukwa. Wasomaji wasiuchanganye na Songwe mwingine, wa mpaka wa Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa. Ukanda huo wa Rukwa hujulikana kwa jina la Ubungu, na lugha yake ni Kibungu, ambayo wengine huiandika Kiwungu. Ukielekea Mbozi unakuta Kinyiha. Ukielekea Mbeya, Kisafwa, na mbele zaidi Kimalila. Upande wa Chunya, Kikimbu. Upande wa Momba na Tunduma, Kinyamwanga na Kiwanda. Hii ya mwisho, lugha ya Wawanda, ni mtihani kwa mfasiri asiyezingatia herufi kubwa, kwani anaweza kuigeuza mahali pa kutengenezea bidhaa. Juu ya hizo kuna Kisukuma cha wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Na juu ya zote kuna Kiswahili, ambacho kwa watoto wengi si lugha ya pili tena.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wana sababu ya ziada ya kupatazama mahali hapa. Malcolm Guthrie, alipozigawa lugha za Kibantu katika kanda, alikiweka Kibungu katika kanda F, pamoja na Kikimbu, Kinyamwezi na Kisukuma, ilhali Kinyiha, Kimalila, Kisafwa, Kiwanda na Kinyamwanga aliviweka katika kanda M. Kwa maneno mengine, Mbungu wa Galula na jirani yake Mnyiha hawatofautiani kwa matamshi tu; lugha zao zimewekwa katika makundi mawili. Kisukuma cha mgeni, kilichotoka mbali, ndicho kilicho katika kanda moja na Kibungu cha mwenyeji.

Sasa tulitazame neno kilugha. Katika mazungumzo halina ubaya. Mtu akisema "walikuwa wakiongea kilugha" tunamwelewa: hawakuongea Kiswahili. Wapo wanaolilaumu neno hili kwa kudhani kwamba ki- yake ni ya kudunisha, kama katika kijumba au kijitu. Hatukubaliani nao. Ki- hii ni ile ile ya Kiswahili, Kijerumani na kizamani, yaani ki- ya namna. Kosa lake ni jingine: halitaji chochote. Chukua mathalani kumbukumbu ya shauri inayosema kwamba shahidi alitoa maelezo kwa kilugha na yakafasiriwa. Kilugha kipi? Mfasiri alikuwa anajua Kibungu au Kisukuma? Kama shauri linakatiwa rufaa, hakimu wa juu atajuaje kwamba mshtakiwa aliyafahamu yaliyosemwa dhidi yake? Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulilifurahia jambo hilo. Lakini kadiri Kiswahili kinavyoimarika mahakamani, ndivyo haki ya asiyekimudu inavyozidi kutegemea neno moja lililoandikwa sawasawa na karani.

Lugha ya kienyeji ni tafsiri ya neno la wakoloni, nalo neno hilo katika Kiingereza lina asili ya Kilatini, katika jina la mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Wafasiri wetu wa mwanzo hawakuitafuta asili hiyo. Walichukua kienyeji, neno zuri linalotokana na mwenyeji. Bahati mbaya kienyeji lilikwishapata ndugu wengine: mbegu za kienyeji, dawa za kienyeji, kuku wa kienyeji, yote yakipingana na ya kisasa. Siku hizi kuku wa kienyeji ana bei kuliko yule wa kisasa. Lugha ya kienyeji haijapanda bei bado.

Lugha ya asili limependwa na wengi kwa kuwa lina heshima. Likipelekwa Galula, linakwama. Kisukuma ni lugha ya asili ya nani hapo? Kama asili ni ya mahali, basi Kisukuma si cha asili Galula. Kama ni ya mtu, basi mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa Galula atahesabiwa kwa mahali alikotoka babu yake. Lugha mama nalo lina mgogoro wake. Mtoto wa baba Mnyiha na mama Msukuma, aliyelelewa kwa Kiswahili tangu kuzaliwa, akiulizwa lugha mama atajibu nini? Mwalimu anayejaza fomu humwandikia lugha ya kabila la baba, na takwimu inakuwa ya ukoo badala ya kuwa ya lugha. Kosa hili ni la fomu kuliko la mwalimu. Sensa yetu iliuliza kabila mara ya mwisho mwaka 1967, na sababu za kuliacha swali hilo tunaziheshimu. Ila kuuliza lugha si kuuliza kabila, na istilahi iliyo safi ndiyo inayoweza kuvitenganisha.

Tumeliweka lahaja nyuma makusudi, kwa kuwa ndilo lenye madhara makubwa. Kipemba na Kimakunduchi ni lahaja za Kiswahili, kama ilivyo Kiunguja, ambayo iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kibungu si lahaja ya Kiswahili, wala si lahaja ya Kinyiha. Hata hivyo tunasoma mara kwa mara juu ya "lahaja za makabila". Zipo mahali ambapo swali ni gumu kweli: wapi Kinyiha kinaishia na Kimalila kinaanza ni jambo la kubishaniwa na wajuzi, na ndiyo maana wengine huzihesabu lugha za Tanzania kuwa mia moja na ishirini na kitu na wengine zaidi ya 150. Lakini ugumu wa mpaka si ruhusa ya kulitumia neno ovyo.

Kwamba neno moja la namna hii laweza kuamua hali ya watu, ushahidi tunao mbali na kwetu, katika nchi ndogo ya Latvia kwenye Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni 2. Sheria yake ya lugha ya taifa ya mwaka 1999 ilizigawa lugha za nchi kwa majina. Kilatvia kikaitwa lugha ya taifa. Kilivonia kikaitwa lugha ya wenyeji wa asili, ingawa wasemaji wake walikuwa wachache mno. Grizelda Kristiņa, anayetajwa kuwa msemaji wa mwisho aliyekikulia tangu utoto, alifariki Kanada mwaka 2013. Kirusi, lugha ya nyumbani ya zaidi ya theluthi moja ya wakazi, kikaangukia katika fungu la lugha za kigeni, pamoja na nyingine zote. Nacho Kilatgale cha mashariki, ambacho katika sensa ya mwaka 2011 watu wapatao 164,500 walisema wanakitumia kila siku, kikaitwa namna ya kihistoria ya Kilatvia: kinalindwa, lakini hakihesabiwi kuwa lugha pembeni ya Kilatvia. Historia ya watu hao na ukoloni wa Kisovieti si yetu, na hatuwahukumu. Tunachokiona ni kwamba waliotunga sheria hiyo walijua uzito wa kila istilahi waliyoiandika. Sisi tunaziandika hizo hizo kwa mazoea.

Karibu zaidi, kuna Kinyamwanga, kinachovuka mpaka wa Tunduma na kuingia Nakonde. Ng'ambo ya Zambia hakimo katika lugha saba za mikoa zilizopewa nafasi rasmi. Huko lugha iliyo juu yake ni Kibemba, huku ni Kiswahili. Wasemaji ni wale wale, na hata jina halijatulia: wengine huandika Kinyamwanga, wengine Kinamwanga, na wenyewe husema Icinamwanga.

Maoni yetu basi ni haya. Katika maandishi rasmi jina la lugha litajwe, herufi kubwa mwanzoni, na kilugha kibaki barazani. Katika fomu za shule iulizwe lugha ya kwanza ya mtoto, na ikiwa ni mbili ziandikwe mbili. Lahaja litumike pale tu ambapo lugha inayogawanyika imetajwa. Kwa jumla yao tunapendekeza lugha za Tanzania, Kiswahili kikiwa ndani yake na si juu yake. Baadhi ya wenzetu watasema kwamba istilahi hiyo inakishusha Kiswahili. Sisi hatuoni kinashushwa na nini. Lipo pia suala la tahajia, ambalo ni la Baraza kuliko la mwandishi mmoja mmoja: Kibungu au Kiwungu, Kinyamwanga au Kinamwanga. Kimalila kina irabu ambazo alfabeti yetu ya irabu tano haiziwezi, na wanaokiandika wameongeza herufi i na u zilizokatwa kwa mstari. Orodha ya majina yote, yenye tahajia moja na kuonyesha jinsi wenyewe wanavyojiita, ingewafaa makarani wa Mkwajuni na wa Vwawa kuliko makala kama haya.