Mstari Mnyoofu Kati ya Nukta Mbili

Historia ya atomu, kama wengi wetu tulivyoipokea sekondari, ni orodha ya wanaume watano na miaka mitano. Dalton, 1808: atomu ni kitonge kisichogawanyika. Thomson, 1897: elektroni. Rutherford, 1911: kiini. Bohr, 1913: elektroni katika njia zake. Chadwick, 1932: nyutroni. Mwanafunzi akiikariri vizuri, alama anapata. Sina ugomvi na miaka hiyo. Ugomvi wangu ni na mstari ulionyooshwa kati yake, na kitabu kilichoniamsha ni Les Atomes cha Mfaransa Jean Perrin, kilichotoka 1913, nilichokisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya 1916.

Perrin hayumo kwenye orodha. Mwaka 1895 alionyesha kwamba miali ya kathodi hubeba chaji hasi, na miaka miwili baadaye Thomson alijenga juu ya jaribio hilo. Mwaka 1901, muongo mzima kabla ya Rutherford, alikwisha kupendekeza atomu yenye umbo la jua na sayari zake. Mwaka 1926 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nadhani tunamruka kwa sababu swali alilolishughulikia zaidi halitakiwi darasani: tunajuaje kwamba atomu zipo?

Mwanzoni mwa karne ya 20 swali hilo lilikuwa bado linagawanya wasomi. Mkemia Wilhelm Ostwald na mwanafizikia Ernst Mach hawakuwa wajinga. Hoja yao ilikuwa kwamba atomu inasaidia kupiga hesabu, lakini kusaidia hesabu si ushahidi wa kuwapo. Orodha yetu inavuka miaka 89 kati ya Dalton na Thomson kwa hatua moja, na ubishi wote huo unazama humo bila hata kutajwa.

Uzuri wa kitabu cha Perrin ni kwamba kinamchukulia mwenye shaka kuwa mtu anayestahili jibu. Kinarudi kwenye jambo aliloliona Mskoti Robert Brown mwaka 1827: chembe ndogo za ndani ya chavua zikiwekwa majini hutetemeka bila kukoma. Brown alijaribu hata vumbi la mawe, likiwamo la kipande cha sanamu ya Sphinx ya Misri, nalo likatetemeka vilevile. Kwa hiyo si uhai. Mwaka 1905 Albert Einstein alikokotoa umbali ambao chembe ya namna hiyo ingesogea kama kweli inagongwagongwa na molekuli za maji. Perrin akaenda kupima.

Sehemu hii nimeirudia mara nyingi, kwa sababu haina muujiza hata mmoja. Perrin alichukua kilo moja ya gamboge, utomvu wa njano ambao wachoraji hutumia kama rangi, akauyeyusha, akauzungusha kwa mashine ili kutenga chembe za ukubwa mmoja. Baada ya miezi kadhaa alibaki na sehemu ndogo tu ya gramu. Kisha akaanza kuhesabu kwa hadubini, akipanda kila mara mikromita 30, takriban nusu ya unene wa unywele. Palipokuwa na chembe 100 chini, juu yake zilikuwa 47, halafu 22.6, halafu 12. Zilipungua kwa karibu nusu kila hatua, kama hewa inavyopungua kadiri mtu anavyopanda mlima, ila hewa huhitaji zaidi ya kilomita 5 kupungua hivyo.

Hapa msomaji mkali atamkamata Perrin, na nami nilimkamata. Chembe ya utomvu si molekuli. Kusema kwamba zinatii sheria moja ni kulichukua lilelile linalobishaniwa. Jaribio hili peke yake lisingemshinda Mach. Linalokiokoa kitabu ni jedwali lililo karibu na mwisho, ambapo Perrin anapanga njia zaidi ya kumi za kupata namba ya Avogadro: unato wa gesi, buluu ya anga, unururifu, mtetemo wa chembe. Njia hizo hazina undugu, na bado majibu yake yanakaribiana. Ostwald alikwisha kukubali kushindwa kabla kitabu hakijatoka.

Kasoro yake ni sauti ya mshindi inayosikika katika hitimisho, kama jemadari anayehesabu mateka. Lakini hapohapo Perrin anakiri kwamba atomu iliyoshinda si ile iliyoanza vita: haigawanyiki tena kwa jina tu.

Kitabu kina mchoro mmoja ninaodhani ungetosha kuwa somo zima. Unaonyesha safari za chembe tatu. Nukta moja kila baada ya sekunde 30, na mistari minyoofu ikiziunganisha. Perrin anatuonya tusiuamini. Tungeweka nukta mara mia zaidi, anasema, kila mstari ungegeuka kuwa mchoro wenye mikunjo mingi kama huu mzima.

Onyo hilo linaihusu orodha yetu. Kati ya Thomson na Rutherford wamo Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu wa pili akiwa bado mwanafunzi, waliokaa gizani Manchester wakihesabu vimweko kwenye kiwambo. Kabla tu ya Chadwick wamo Irène Curie na Frédéric Joliot, ambao mapema mwaka 1932 waliona athari za nyutroni katika maabara yao, wakadhani ni miali ya gama. Mkunjo huo una thamani kuliko nukta inayoufuata, maana unaonyesha kwamba mtu anaweza kushika ukweli mkononi asiutambue.

Anayefundishwa nukta na mistari minyoofu tu atajua nani alisema nini. Siku atakapoambiwa jambo lingine lisiloonekana, la virusi, la tabianchi au la dawa, atakuwa na njia mbili tu: kumwamini msemaji au kumkataa. Njia ya tatu, ya kuuliza limehesabiwaje na kama njia nyingine zinafikia jibu lilelile, hatakuwa ameiona popote. Ningependa aione kwa Perrin, hata kwa kurasa chache, kabla ya kukariri orodha.