Vyote Vinasubiri Kitunguu

Saa kumi alfajiri, ua wa nyumba ya harusi katika Mji wa Kale wa Mombasa una sauti moja tu: visu vinavyogonga mbao. Vijana wanne wameinamia vitunguu. Mafiga yamepangwa na kuni zimepasuliwa, ila moto bado. Mpishi mkuu amesimama kando na mwiko wake mrefu kama kasia, kimya. Mgeni angedhani hana kazi.

Napenda sana kuwatazama wapishi wa shughuli. Kila nikiwatazama nazidi kuamini kwamba mtu yeyote anayeishi kwa kuhudumia wengine, awe na gereji, kampuni ya ujenzi au ofisi ya uhasibu, ana la kujifunza uani hapa.

Biriani ya Waswahili ni kazi mbili zinazokutana kwenye sinia: wali huku, masala kule. Zote mbili zinasubiri kitunguu. Sharti kimenywe, kikatwe, kikaangwe mpaka kigeuke rangi ya kahawia. Mafuta yaliyokikaanga, yenye harufu yake, ndiyo yatakayonyunyizwa kwenye wali. Chenyewe kitaingia kwenye masala pamoja na nyama, mtindi, nyanya, tangawizi na thomu. Kitunguu kikichelewa nusu saa, harusi nzima imechelewa nusu saa. Kachumbari ikichelewa nusu saa, hakuna atakayejua. Ndiyo maana mikono yote iko kwenye vitunguu, na nyanya za kachumbari bado zimo kapuni.

Mwaka 1957 huko Marekani, Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kutunga hesabu ya jambo hili: katika kazi nyingi zinazotegemeana, ni mlolongo upi usiovumilia kuchelewa hata kidogo? Wao walikuwa na kompyuta. Mpishi wetu ana saa ya kupakua. Wageni watakaa chakulani saa saba, baada ya sala ya adhuhuri. Kutoka hapo anahesabu kurudi nyuma: wali upaliwe makaa saa ngapi, mchele urowekwe saa ngapi, nyama iinjikwe saa ngapi, mpaka anafika kwenye giza hili la alfajiri na kisu cha kwanza.

Lakini kazi ilianza wiki mbili kabla, barazani, alipoketi na baba wa bibi harusi. Wageni 300. Kilo moja ya mchele kwa watu wanane. Hesabu ikatoa 37 na nusu, yeye akaandika 40. "Hizo zilizozidi ni za usingizi wangu," alisema. Kisha akauliza mambo ambayo wengi hawaulizi: nani atanunua vitu, nani atapokea nyama, na siku yenyewe nimsikilize nani? "Nyumba ya harusi ina wenyewe wengi, mzee wangu. Nipe mmoja." Akapewa shangazi wa bibi harusi. Mapatano yakaandikwa daftarini, na kila upande ukajua wake.

Faida ya swali hilo ilionekana saa tatu asubuhi. Mjomba mmoja alikuja mbio: wameongezeka wageni 40, tia nyama nyingine! Mpishi hakugomba wala hakukubali. Alimwamkia, akamwomba akae, akaagiza shangazi aitwe. Akamweleza taratibu: "Mchele bado haujaingia majini, naweza kuongeza. Viazi naweza kukaanga vingine. Nyama siwezi, Bi mkubwa. Ikiingia sasa itatoka ngumu, na itawaharibia wale 300." Akataja gharama ya nyongeza. Shangazi akafikiri kidogo, akaridhia. Hakuna kijana aliyeinua kichwa. Kila mmoja aliendelea na sufuria lake, kwa kuwa mabadiliko yalipita kwenye mdomo mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kimya cha alfajiri. Angeshika kisu, vitunguu vingeisha mapema kidogo, lakini nani angeona kwamba figa la tatu limekaa mrama, au kwamba kijana mgeni anakata vipande vinene vitakavyoungua nje na kubaki vibichi ndani? Aliona yote mawili. Figa alilisogeza kwa mguu. Kwa kijana alichuchumaa, akakata vitunguu viwili polepole mbele yake, akamrudishia kisu.

Saa saba kasoro robo vifuniko vilifunuliwa. Mvuke wa zafarani ukajaa uani na masinia yakaanza kutoka.

Jioni, masufuria yamekwisha suguliwa na vijana wamelipwa, nilimkuta kwenye kigoda na daftari lake. Alikuwa akiandika kiasi cha wali uliobaki, saa vitunguu vilipoisha kukaangwa, na jina la yule kijana mgeni. Mbele ya jina aliandika: shughuli ijayo, apewe sufuria la masala.