Wachongaji wa Udongo wa Detroit

Anayeitazama Cadillac ya 1959, na yale mapezi ya nyuma yaliyosimama kama ya papa, humsifu mbunifu au kampuni. Mimi nawasifu wachongaji wa udongo.

Harley Earl alipokabidhiwa kitengo cha usanifu cha General Motors, kampuni inayounda Cadillac, mwaka 1927, aliifanya kazi yao kuwa njia kuu ya kutafuta umbo la gari. Udongo huo si wa mtoni: umechanganywa na nta, hupashwa moto kwenye oveni hadi ulainike, kisha hubandikwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, juu ya kiunzi chenye ukubwa wa gari zima. Ukipoa hukaza, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Mchongaji hupiga magoti, huvuta bamba jembamba la chuma ubavuni mwa gari kwa mkupuo mmoja, maana akisita katikati alama hubaki. Kisha hupapasa, kwa sababu kiganja hugundua bonde ambalo jicho limelikosa. Hupima, hukwangua tena. Kushoto lazima kulingane na kulia. Na wakubwa wakitaka pezi lishuke kidogo tu, jasho la siku nyingi huishia sakafuni.

Kompyuta zimeingia, lakini studio kubwa za magari bado zinawaajiri watu hawa. Skrini haimwonyeshi mtu jinsi mwanga utakavyoteleza juu ya boneti akilizunguka gari kwa miguu. Udongo unamwonyesha.