Gogo Chini ya Mguu wa Tela

Babu hakuanza na mbao. Alianza na kisigino. Tela likiwa bado limeshikwa na kichwa cha lori, injini ikinguruma, yeye alikuwa ameshashuka na anazunguka pale miguu itakapotua, akikanyaga ardhi mara tatu, mara nne, shingo ameiinamisha kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Kisigino kikiacha alama hafifu, alinyamaza. Kikizama, alimpungia dereva mkono asogee. Tulimwita Babu kwa ajili ya mvi zake, ingawa kazi yake ilikuwa utingo. Nilimfuata kwa miezi kadhaa katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma nikiwa na miaka 19, nikijua nimekwenda kujifunza udereva. Nilichojifunza ni magogo.

Semi-tela halina magurudumu ya mbele. Pua yake hulala juu ya sahani nzito ya chuma iliyopakwa grisi, mgongoni mwa kichwa, na pini yenye unene wa inchi mbili hushuka kutoka chini ya tela ikabanwa na taya za sahani hiyo. Wazungu huiita sahani hiyo gurudumu la tano. Ni jina lililobaki tangu enzi za magari ya farasi, ambapo duara la chuma lililazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli ipate kugeuka. Mwaka 1914, mjini Detroit, mhunzi August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kubebea mashua yake, likavutwa na gari la Ford. Mteja yule alipendezwa, akaagiza mengine ya kubebea mbao zake. Napenda kwamba mbao zimo katika habari hii tangu mwanzo. Leo huko Marekani ziko familia zinazovuta nyumba nzima ya matembezi nyuma ya pikapu kwa sahani ya namna hiyohiyo, na jioni wakifika kambini nao huinama kutafuta kitu cha kuweka chini ya miguu ya nyumba yao ili sufuria isiteleze jikoni na mtu asilale kichwa chini. Swali lao ndilo swali la Babu, ila mzigo wa Babu ulikuwa mbolea.

Kichwa kikiondoka, iwe kimeharibika au kimeitwa kazi nyingine, tela hubaki limesimama kwa magurudumu yake ya nyuma na miguu miwili ya mbele inayoshushwa kwa kuzungusha hendeli. Tuseme miguu hiyo imebeba tani 12, yaani kila mmoja tani 6. Unyayo wa mguu ni bamba la chuma, mara nyingi kama sentimita 25 kwa 25. Gawanya: kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba karibu kilo 10, zaidi ya inavyobeba chini ya tairi la lori lililojazwa upepo vizuri. Tena tairi hupita likaenda zake. Mguu hukaa usiku kucha palepale. Hata lami iliyopigwa na jua la mchana huanza kumeza chuma taratibu. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa tambarare za Usangu ambao kiangazi hupasuka na masika hugeuka uji, haungoji hata giza liingie.

Sasa weka chini ya unyayo huo gogo la sentimita 50 kwa 50. Mzigo ni uleule, lakini kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2.4 tu. Ardhi ile iliyokuwa inameza sasa inavumilia. Hesabu hii naifanya leo nikiwa na karatasi; Babu aliifanya kwa kisigino.

Asiyewahi kuona tela lililozama anaweza kudhani hasara ni ya kuinama kidogo tu. Asubuhi kichwa kinarudi kinyumenyume, na pua ya tela iko chini kuliko sahani. Hakipiti. Ukilazimisha, unagonga. Tela likiwa juu mno ni hatari zaidi, kwa sababu pini inaweza kupita juu ya taya, dereva akadhani limeshika. Anayeweka gogo jioni anapanga kimo cha asubuhi. Babu alitaka pua ibaki chini kidogo tu ya kimo cha sahani, ili sahani iipokee kwa mteremko wake na kuinyanyua inapoingia. Alipima kwa upana wa vidole vyake, na sikuona akikosea.

Kuhusu mti wenyewe alikuwa na maoni makali. Tulipopita Mafinga, ambako paini za shamba la Sao Hill hupangwa kando ya barabara kwa marundo yanayonukia utomvu, madereva wengi walinunua hapo hapo kipande cha bei rahisi na kuendelea na safari. Babu hakuidharau paini. Alisema ikikauka sawasawa ni mti mwaminifu, mwepesi kubeba, lakini usiiweke ambapo chuma kinagusa. Maneno haya nilikuja kuyaelewa baadaye sana. Unyayo ukitua sawasawa, hata paini kavu inastahimili. Lakini ardhi ikiinama upande mmoja, mzigo wote hukimbilia kwenye ukingo wa bamba, na ukingo ule hukata mti laini kama shoka butu. Na paini mbichi, iliyotoka kupasuliwa jana, ina maji ndani. Hubonyea kabla ya kazi kuanza.

Milingoti aliikataa kwa sababu hupasuka ncha inapokauka, na mpasuko ulioanza hauna pa kuishia. Mpingo, ambao vijana tuliutamani kwa sifa zake za ugumu, aliukataa pia. Mti ule unazama majini kwa uzito, lakini haukupi ubao mpana, na ukilowa huteleza. Akasema waachiwe wachongaji. Alichotaka ni mkongo, ule ambao sehemu za pwani huitwa mbambakofi, na hakununua gogo zima kamwe. Alipita kwa mafundi seremala wa milango, akachambua mabaki yao. Alitafuta kiini chekundu na kukata pembe yenye mti mweupe wa nje, maana huo mweupe ndio chakula cha wadudu. Aligonga kwa kifundo cha kidole. Mlio mfupi wenye kujibu aliuchukua, mlio wa debe bovu aliurudisha.

Kisha aliunda. Vipande viwili vya paini vya unene wa sentimita 5 vililazwa sambamba chini, viwili vya mkongo vikalazwa juu kwa kukingama, nyuzi za juu zikikata nyuzi za chini, vikafungwa kwa bolti zilizozamishwa vichwa ili chuma kisikutane na chuma. Mkongo juu, ambapo nguvu zimekusanyika. Paini chini, ambapo zimeshatawanyika. Unene wa sentimita 10 haukuwa anasa. Ubao mwembamba hujikunja ukabeba katikati tu, na pembe zake zikawa pambo. Angetumia mkongo mtupu, kila gogo lingekuwa na kilo 20, na mengi yangeachwa garini kwa sababu utingo angechoka kuyabeba. Pembeni alitoboa tundu, akapitisha kamba ya katani ya kulivutia asubuhi. Kamba hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa hakuna mkono unaopaswa kwenda chini ya mguu wa tela.

Kosa langu nalieleza kama lilivyokuwa. Usiku mmoja wa mvua, karibu na Igawa, Babu alikuwa na homa, nikapewa mimi kuweka. Gogo moja lilikuwa limeachwa safari iliyotangulia. Nikaona tofali la saruji kando ya uwanja, zito, limenyooka, lina sura ya kuaminika. Nikaliweka chini ya mguu wa kushoto. Saa saba za usiku nilisikia kishindo kimoja, basi. Tofali lilikuwa limepasuka vipande vitatu, mguu umeshuka na kujipinda, na tela limeegama upande wa kushoto na mbolea yake yote. Halikupinduka. Siku mbili zilizofuata tuliishi chini yake kwa jeki.

Katika siku mbili hizo Babu, blanketi mabegani, alinionyesha kile ambacho nadhani ndicho kiini cha ufundi wake. Aliweka kipande cha mbao chini ya jeki, na kingine chembamba kati ya kichwa cha jeki na chuma cha tela. Nikamuuliza hicho cha juu ni cha nini. "Chuma juu ya chuma kinateleza, mdogo wangu. Mbao inauma." Akapampu mara chache, akasimama, akaniambia ninyamaze. Kutoka chini ulikuja mlio mdogo, kama mtu anayetafuna muwa mbali. Akashusha jeki, akageuza kipande, akaanza upya. "Hii inalia kabla. Lile lako lilifika limeshakufa."

Nimesoma vitabu vya uhandisi tangu wakati huo, na vinakubaliana naye kwa lugha nyingine: mti ukielemewa hubonyea, hulia, hujikunja, na unakupa nafasi ya kuondoka; saruji isiyo na nondo hubeba, hubeba, kisha haipo. Mabaharia wa pwani yetu walilijua hilo zamani. Jahazi likipwelewa hutiwa magadi ya mti ubavuni, na anayeyatia husikiliza. Jikoni mama zetu walijua upande mwingine wa jambo hili, kwamba mafiga ni matatu, kwa sababu vitatu hukaa popote bila kuyumba na cha nne huleta ubishi. Tela lina miguu miwili mbele na safu za magurudumu nyuma, kwa hiyo ubishi huo ni wa kila jioni, na aliyekabidhiwa kuumaliza ni mtu anayelipwa kidogo kuliko wote safarini.

Hilo linaniuma hadi leo. Kwenye mizani, shehena huhesabiwa kwa kilo, na sheria ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Barabara imelindwa kwa namba. Usiku tela likisimama kwa miguu yake kwenye uwanja wa vumbi, watoto wa mama lishe wakicheza kivulini mwake, namba zote hizo zinakaa juu ya vipande viwili vya mbao na uamuzi wa mtu mmoja ambaye jina lake halimo kwenye hati yoyote ya mzigo.

Siku tuliyonyanyua tela lile, kichwa kilirudi polepole alfajiri. Sahani ikapita chini ya pua, taya zikajifunga juu ya pini kwa mlio mmoja mkavu, na dereva akavuta mbele kidogo kujaribu. Nikazungusha hendeli hadi miguu ikaning'inia. Babu akavuta gogo lililobaki kwa kamba yake ya katani, akaligeuza, akakwangua tope kwa panga, kisha akaligeuza tena na kunionyesha uso wa mkongo. Nyayo za mguu zilikuwa zimeuma hapo miraba mingi, mmoja juu ya mwingine, yote hafifu kiasi cha kuhisiwa kwa kidole kuliko kuonwa. Akaweka kidole kwenye mmoja akasema Makambako. Akasogeza. Mikumi. Akasogeza tena, akafikiri kidogo, kisha akanipa gogo nilipakie.