Bendera ya Manjano

Ngano zetu nyingi hufungwa kwa kufuli moja: wakaoana, wakaishi raha mustarehe hadi mwisho wa maisha yao. Utotoni sikuwahi kuuliza mwisho huo ulikuwa mbali kiasi gani. Mtoto wa mfalme ni barobaro, binti ndiyo kwanza amevunja ungo, na bibi anayesimulia hana wasiwasi, maana hakuna msikilizaji atakayepiga hesabu. Lakini hebu mlete bwana harusi wa miaka 76 na bibi harusi wa miaka 72 mbele ya wasikilizaji walewale, kisha tamka "hadi mwisho wa maisha yao." Aliyekaa nyuma atakohoa. Mwisho upi, wa wiki ijayo?

Hapo ndipo waandishi wengi wa mapenzi ya wazee hukwama. Wengine huwarudisha wazee wao ujanani kwa hila, wakawapa mifupa isiyouma na usingizi wa mtoto. Wengine hukimbilia msiba, mmoja akafa mikononi mwa mwenzake, nasi tukalia na kuona tumesoma jambo zito. Gabriel García Márquez alizikwepa njia zote mbili katika riwaya aliyoitoa mwaka 1985, miaka mitatu baada ya kupewa Nobel: El amor en los tiempos del cólera, yaani Mapenzi Wakati wa Kipindupindu. Mimi naisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edith Grossman. Kila nikifika ukurasa wa mwisho hugeuka nikarudi nyuma kama mtu anayekagua kabati lililotengenezwa bila msumari kuonekana, nikitafuta fundi aliupigilia wapi.

Kisa chenyewe kinajulikana. Florentino Ariza, kijana wa ofisi ya telegramu, anampenda Fermina Daza, msichana wa shule. Wanaandikiana barua, babake msichana anagundua, anamsafirisha mbali ili asahau. Mwandishi aliuchota mwanzo huu kwa wazazi wake mwenyewe: baba yake alikuwa fundi wa telegramu, na mama yake alisafirishwa vivyo hivyo. Ila wazazi wake walioana. Fermina anaporudi anakutana na Florentino sokoni, anamtazama, na penzi lote linamtoka palepale. Anaolewa na Daktari Juvenal Urbino. Florentino anasubiri miaka 51, miezi 9 na siku 4. (Subira hiyo haikuwa ya kitawa. Ana madaftari yenye orodha ya wanawake 622, na hizo ni zile habari zilizodumu tu.)

Sasa tazama msumari wa kwanza. Riwaya haianzi na wapenzi hata kidogo. Inaanza na maiti ya Jeremiah de Saint-Amour, mpiga picha aliyekwisha kuapa kwamba hatazeeka, na alipofika miaka 60 akajiua kwa moshi wa sumu. Msomaji anampita haraka, anadhani ni mlango tu wa kuingilia. Kumbe hoja kuu ya upande wa pili ndiyo imekwisha kusemwa, na aliyeisema ametoa roho yake kuithibitisha: uzee haustahili kufikiwa. Kurasa zote zinazofuata ni jibu kwa maiti ile. Mwandishi dhaifu angeiweka hoja hiyo katikati, mdomoni mwa jirani mbeya.

Siku hiyohiyo, Jumapili ya Pentekoste, Daktari Urbino anapanda ngazi kumfuata kasuku wake juu ya mwembe, anaanguka, anakufa. Ana miaka 81. Usiku ule, waombolezaji wakishaondoka, Florentino anamkabili mjane na kumwambia kwamba bado anampenda. Msomaji wa kwetu atashika kichwa: eda haijamaliza hata usiku mmoja! Fermina naye anamfukuza kwa hasira. Nalipenda kosa hili. Linaufunga mlango wa mbele kabisa, na kuanzia hapo mwandishi hana ruhusa ya kuleta mapenzi kwa njia ya mkato.

Kwa hiyo anarudi kwenye barua, na hapa ufundi unakuwa wa subira kwelikweli. Ujanani Florentino alikaa barazani kwa waandishi wa barua, akiwaandikia wapenzi wasiojua kuandika. Mara moja alijikuta anajibu barua aliyoiandika mwenyewe, maana wapenzi wote wawili walikuwa wateja wake. Wakaoana, wakamfanya baba wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Mtu huyo mwenye maneno matamu ya kugawa mji mzima, uzeeni anajifunza kupiga taipu na kumwandikia Fermina barua zisizo na neno la mapenzi. Anazungumzia maisha, uzee na kifo, kama mzee anayemfariji mzee mwenzake. Fermina anazisoma kwa sababu zinamsaidia kubeba ujane. Kutoka barua wanafika kwenye chai ya kila Jumanne alasiri. Hakuna tukio lolote kubwa katika kurasa hizo, nami nazisoma taratibu kuliko zote.

Binti wa Fermina, Ofelia, anasikia habari na kusema kwamba mapenzi ya umri wake tayari ni kichekesho, na ya umri wa mama yake ni uchafu. Fermina anamtoa nyumbani. Ndipo anapopanda meli ya Florentino, Nueva Fidelidad, kupanda nayo Mto Magdalena.

Nimewahi kusikia watu wakisifu safari hiyo kuwa fungate. Sijui walisoma kitabu gani. Mto unakufa: misitu imekatwa kulisha tanuri za meli hadi kuni zenyewe hazipatikani, nguva wamekwisha. García Márquez aliusafiri mto huo kwa meli akiwa mwanafunzi, na anauomboleza kama ndugu. Ndani ya meli miili nayo imechakaa. Wanapobusiana, kila mmoja anasikia harufu chachu ya uzee kwa mwenzake. Sikio la Fermina linauma. Jaribio la kwanza kitandani linashindikana, na mwandishi haligeuzi kuwa mzaha wala msiba. Watu wanalala, kesho ipo. Baadaye Fermina anaamka mapema kumsugulia Florentino meno ya bandia aliyoyaacha ndani ya glasi, naye anamwomba Florentino amuumike mgongo unaomsumbua. Lugha yetu ina msemo mmoja kwa mambo mawili: kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kutia chumvi katika habari. Bingwa wa dunia wa chuku ile ya pili, aliyeijaza riwaya hii wanawake 622, mwishoni anaishia kwenye ile ya kwanza, kikombe cha moto juu ya ngozi ya bibi wa miaka zaidi ya sabini. Hapo ndipo nilipoamini kwamba wanapendana.

Kuna doa, nalo sitalipaka chokaa. Kabla ya safari Florentino alikuwa na uhusiano na América Vicuña, binti wa shule aliyekabidhiwa kumlea. Akiwa melini anapata telegramu kwamba amejiua. Mwandishi angeweza kuizuia ile telegramu isifike, lakini hakuizuia, na namheshimu kwa hilo. Ila anamwacha Florentino auvuke msiba huo upesi mno, na raha yote ya kurasa za mwisho inaelea juu ya kaburi la mtoto. Sijawahi kumsamehe mzee huyo. Naendelea kusoma hivyo hivyo.

Mwandishi Kent Haruf, katika riwaya ya Our Souls at Night, iliyotoka mwaka 2015 baada ya yeye kufariki, alishika njia ya kinyume. Addie Moore anavuka mtaa kumwomba jirani yake Louis Waters, mjane kama yeye, awe anakuja kulala kando yake, wapige gumzo gizani. Watoto wanaingilia, wanatenganishwa, na kinachosalia ni sauti kwenye simu usiku. Ni mwisho safi, wa mtu aliyejua ana muda mchache. Lakini Haruf alipunguza furaha mpaka ikatosha ndani ya waya. García Márquez aliidai yote, kisha akatafuta pa kuiweka.

Aliiweka chini ya bendera. Meli ikikaribia kugeuza, Florentino anamuuliza Kapteni Samaritano kama inawezekana kusafiri bila mizigo, bila abiria, bila kutia nanga popote. Kapteni anajibu kwamba ni pale tu penye kipindupindu melini. Basi wanaitweka bendera ya manjano ya karantini. Ni uongo, bila shaka, ila rudi kurasa mia kadhaa nyuma: Florentino kijana alipougua kwa kusubiri barua ya Fermina, mama yake alidhani ni kipindupindu, na mganga aliyeitwa akaona dalili za magonjwa hayo mawili ni zilezile. Bendera inaidanganya serikali tu. Msomaji inamwambia ukweli.

Uongo huo una bei yake. Wanapofika mjini, doria yenye silaha haiwaruhusu kuingia bandarini. Sasa hawana pa kuteremka. Florentino anatoa amri: wageuze, warudi juu La Dorada. Kapteni anamtazama Fermina, anamtazama Florentino, anauliza hadi lini wataendelea kwenda na kurudi namna hiyo.

Msimulizi wa kitabu hiki amehesabu kila kitu tangu mwanzo, kama karani wa bandari, na hata hapa anahesabu mara ya mwisho: Florentino alikuwa na jibu tayari tangu miaka 53, miezi 7 na siku 11, pamoja na usiku wake. Kisha Florentino anafungua kinywa. Jibu lake ni fupi kuliko kufuli la ngano zetu, na halina namba hata moja.